Theopista na Kengele ya Shimo la Tatu

Ukimwona mke wangu Theopista leo hapa mtaani Kambarage, amekaa barazani anachambua dagaa, miwani imemteremkia puani, huwezi kudhani kwamba huyu ndiye aliyekuwa akiiamuru kompyuta nani asikilizwe kwanza na nani angoje. Majirani wanajua ni mwalimu mstaafu wa hesabu, basi. Yeye mwenyewe hasemi. Kwa hiyo nasema mimi, Mabula, mumewe, kwa sababu mdomo wangu hauna breki, na kwa sababu nampenda. Nimeshasema. Anayeona aibu kumsikia mzee akisema hivyo, azibe masikio.

Kwao ni Ushirombo. Ni Wasumbwa, Wakatoliki wa kufunga Kwaresima kwelikweli, si wa kujidai kama sisi wengine. Marehemu mama yake, Mama Anisia, alikuwa na desturi moja ya kupakua chakula. Mgeni kwanza. Kisha jirani. Kisha watoto wa watu. Wa nyumbani kwake ndio wa mwisho kabisa. Kwao mwanamke akimpakulia mumewe au mwanawe kabla ya watu wengine ni aibu kubwa, watasema anajipendelea. Siku niliyokwenda kuposa niliwekewa kuku mezani, nikala mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Nilipokwenda tena, tumeshafunga ndoa, nikaletewa ukoko na mchuzi wa chini ya chungu. Ala! Nikamvuta Theopista pembeni, nikamuuliza kosa langu ni lipi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huna kosa, Mabula. Sasa wewe ni wa nyumbani."

Basi huyo ndiye mtu niliyemwoa. Tulipata mtoto, Dominiko, naye akalelewa hivyo hivyo, wa kwetu nyuma, wa watu mbele. Nilinung'unika mpaka nikachoka.

Miaka ya themanini, katikati, tulikuwa tunaishi upande wa Geita, kwenye mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyabulanda. Ulikuwa na mashimo matatu yaliyokwenda chini sana. Mimi nilikuwa mtu wa pampu shimo la tatu. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini kule na kuyaondoa maji, wachimbaji wapate pa kukanyaga. Kupanda na kushuka kulikuwa kwa ndoo kubwa ya chuma, inavutwa na winchi iliyokuwa juu. Ukitaka kuvutwa unavuta kamba, kengele inalia kule juu. Lakini kinu cha kusaga mawe kilipiga kelele mchana kutwa, na mtu wa winchi alikuwa mmoja kwa mashimo yote matatu. Mara ngapi tumevuta kamba mpaka mikono ikaota malengelenge, naye kule juu amegeukia upande mwingine!

Ndipo wakubwa wakaleta kompyuta. Tulikuwa hatuna sabuni dukani, sukari tunaipata kwa foleni, lakini kompyuta ikaja, imefungwa kwenye blanketi nyuma ya Landrova. Wakaijengea chumba chenye kiyoyozi, ukiingia unavua viatu mlangoni kama unaingia msikitini. Waya zikavutwa kutoka mashimo yote matatu mpaka mle ndani. Chini ya kila shimo kukawa na kitufe cha kuomba winchi, na boya la kupima maji yamefika wapi. Ukibonyeza kitufe, kompyuta inapokea, inaliza kengele kwa mtu wa winchi na kumwashia taa ya shimo lako. Kamba zetu zikakatwa, tukaambiwa huo ni ushamba.

Mtu wa kuitunza akatafutwa. Theopista alikuwa anafundisha hesabu shule ya pale, na hesabu alikuwa anazila kama karanga. Wakamwita ofisini, "Ndugu Theopista, utakwenda Dar es Salaam kusoma." Akaenda. Nikabaki na Dominiko, nikapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka mtoto akaniuliza kama mama yake amekufa. Aliporudi alikuwa amekonda, ana vitabu vizito, na macho yanamwaka. Sikuwahi kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi. Nilimwonea wivu kidogo, wivu wa ile mashine.

Jumapili tukitoka misa alikuwa ananieleza. Alisema ndani ya kompyuta kuna programu ya chini kabisa, ndiyo inayoongea na zile waya, wao waliiita draiva. Yeye ndiye aliyeiandika. Ndani ya hiyo draiva kuna kazi zinazokwenda sambamba, kila moja ina njia yake. Aliziita nyuzi. Uzi mmoja wa shimo la kwanza, mmoja wa la pili, mmoja wa la tatu. Lakini kichwa cha mashine ni kimoja, hakiwezi kusikiliza zaidi ya uzi mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila uzi unapewa namba ya kipaumbele. Uzi wenye namba kubwa ukisema nina neno, wengine wote wananyamaza mpaka umalize.

"Na usipomaliza?" nikamuuliza.

"Unamaliza tu, Baba Dominiko. Ni kufumba na kufumbua."

Nikaridhika. Mimi nani, niliyeishia darasa la saba? Nilichojua ni kwamba nikibonyeza, ndoo inashuka. Na ilishuka, miezi yote ya kiangazi. Bujiku, mchimbaji mwenzangu wa shimo la tatu, mzee mkorofi anayelaumu hata jua kwa kuchomoza, alifika mahali pa kusema, "Wabeja, mayu," kila alipopita mbele ya chumba kile. Ni asante ya Kisukuma, na Bujiku hakuwa anaigawa ovyo.

Kisha zikaja mvua.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa tatu. Tulikuwa wanne kule chini, mimi, Bujiku na vijana wawili wa kusukuma toroli. Mvua ya juu huisikii ukiwa shimoni, unayaona tu maji yanavyobadilika. Yalikuwa yanatiririka ukutani, yakaanza kumiminika. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Nikajaribu kuiwasha upya, nikaitukana, nikaipiga teke. Wapi! Nikaenda kwenye kitufe, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza nikiwa nimekishikilia. Maji yakapita magoti. Ngazi ya zamani ilikuwapo, lakini sehemu ya chini ilishaoza, ukiishika inabaki mkononi. Tuliwapandisha wale vijana mabegani, wakashika kipande cha juu, wakajibanza pale wakilia. Mimi na Bujiku tukabaki chini. Maji yalikuwa ya baridi, yana tope, yakanifika kifuani. Bujiku akawa anasali Kisukuma na kutukana Kiswahili.

"Huyo mkeo amelala?" akaniuliza.

Nilikuwa nabonyeza. Nasema kweli, nilichowaza si kufa. Niliwaza: Theopista yuko pale juu, ameketi mbele ya ile mashine, kidole changu kiko kwenye waya unaofika mezani kwake, na hanisikii. Hilo ndilo lililoniuma kuliko maji.

Sasa nikuambie kilichokuwa kikitokea juu, kama alivyonisimulia mwenyewe. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinaonyesha mashimo yote matatu. Shimo la kwanza lilikuwa linaruka kama limepagawa. Waya wa boya lake ulikuwa umechubuka, ukaingia maji, ukawa unapeleka habari bila kupumzika: maji yamepanda, yameshuka, yamepanda, yameshuka. Theopista alishaliona hilo, akamwita Kalisti, fundi mkuu wa umeme, aende akautazame ule waya. Kisha akatupa jicho kwenye mstari wa shimo la tatu. Ulikuwa umetulia. Kipimo kile kile tangu asubuhi, hakijasogea hata kidogo.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye akasimama. Mvua inanyesha juu ya bati mpaka husikii mtu, maji ya shimo la tatu yatatuliaje? Ndipo akaelewa. Halikutulia. Halikusikilizwa. Shimo la kwanza lilikuwa na namba kubwa, nalo lilikuwa linasema tu, linasema, na wa namba ndogo kabisa alikuwa anangoja zamu isiyofika.

Alitoka bila viatu. Alikimbia kwenye tope, khanga ikamdondoka njiani, hakugeuka. Akafika kwa mtu wa winchi.

"Shusha ndoo shimo la tatu!"

"Kengele haijalia, mama."

"Kengele ni mimi! Shusha!"

Kule chini tuliiona ndoo inakuja, na maji yalikuwa kidevuni. Bujiku ni mfupi kuliko mimi, nilikuwa nimemshika kwapani. Tukawapakia vijana, tukajining'iniza sisi pembeni. Tulipotokea juu nilimwona amepiga magoti kwenye tope mdomoni mwa shimo, ameshika chuma cha winchi kwa mikono miwili. Hakulia. Alitazama tu, mmoja baada ya mwingine, kama anayetaka kuhakikisha kwamba kila mtu ametoka na miguu yake.

Nyumbani ndipo alipolia. Nilikuwa nimekaa jikoni nimejifunika blanketi, nakunywa uji, na Dominiko ameniegemea. Akaja akakaa chini, mbele yangu.

"Baba Dominiko, nilikuweka mwisho."

Sikuelewa. Akanieleza. Zile namba za vipaumbele hazikutoka kitabuni. Kitabu kilisema mwandishi wa draiva ndiye anayechagua. Na yeye alipofika pa kuchagua alimkumbuka mama yake. Shimo la kwanza watu wengi ni wageni waliotoka Maganzo, akawapa namba ya juu. La pili ni majirani zetu, akawapa ya kati. La tatu ni la mumewe.

"Nilisema watu wasije wakasema nimekupendelea," akasema. "Wewe ni wa nyumbani."

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nilisimama, uji ukamwagika. "Yaani nilikuwa nakufa kwa adabu yenu ya Ushirombo? Na Bujiku naye? Na wale watoto wa watu? Nao ni wa nyumbani kwako?" Nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua bila shati. Khaa! Mwanamume mzima, ametoka kuoga maji ya shimo asubuhi, anajipeleka mvuani tena kwa hasira. Nikaona upumbavu wangu. Nikakumbuka pia kwamba yeye ndiye aliyekuja, bila viatu, na hakuna mashine iliyomwambia. Nikarudi ndani. Alikuwa anafuta uji sakafuni na machozi yanadondokea pale pale anapofuta.

"Acha hiyo," nikamwambia. "Njoo hapa."

Akaja. Akaweka kichwa begani kwangu. Akasema atawaambia wakubwa hataki tena, arudi kwenye chaki yake. Nikamwambia, "Ukirudi kwenye chaki, nani atanisikiliza mimi kule chini? Mtu nisiyemjua?" Dominiko akauliza kama kuna uji mwingine.

Siku iliyofuata alikwenda kumweleza Kalisti kila kitu, bila kumung'unya maneno. Kalisti alikuwa mtu mwema, mtaratibu. Akasema, "Ndugu Theopista, jambo dogo hili. Namba zigeuze tu, la tatu liwe la kwanza."

"Halafu mume wa nani awe wa mwisho?" akamuuliza.

Wakakaa wote wawili mle chumbani kwenye baridi mpaka jioni, na kesho yake tena. Theopista alikuwa ameona kwamba kosa halikuwa nani aliwekwa wapi. Kosa lilikuwa kupanga watu. Uzi mmoja wa shimo ulikuwa umebeba mambo mawili yasiyofanana, boya linalopima maji na kitufe cha mtu anayeomba kutolewa. Boya likichelewa kidogo, hakuna atakayeumia. Kitufe kikichelewa, ni msiba. Akavitenganisha. Vitufe vyote vitatu akavipa nyuzi zake peke yake, juu kabisa, namba ile ile kwa vyote, vipokezane, na uzi ukishaliza kengele unyamaze uwapishe wenzake. Maboya akayaweka chini yake. Kazi ya kuandika habari kwenye kioo cha wakubwa akaiweka mkiani.

"Mtoto aliyeungua na mtoto anayesimulia alichoona dukani," akaniambia, "unamsikiliza nani kwanza? Huulizi ni wa nani."

"Hata mimi ningejua hilo," nikamtania.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Akanipiga kofi la begani, nikajua amepona kidogo.

Lakini watu walikuwa hawajapona. Maji yalipokwisha kuvutwa na pampu kutengenezwa, hakuna aliyekubali kushuka, shimo lolote. Walisimama mbele ya chumba cha kompyuta wamekunja mikono. Walitaka kamba zao. Bujiku ndiye aliyekuwa mbele, na nani angemlaumu?

Theopista akatoka akasimama mlangoni. Akawaambia kosa lilikuwa lake, akaeleza alivyopanga na kwa nini, hakujificha nyuma ya mashine wala mvua. Wengine wakaguna. Kisha akasema, "Kalisti atalifanya shimo la kwanza liruke vile vile kama siku ile. Mimi nitashuka la tatu, nitabonyeza. Isipolia, rudisheni kamba zenu."

Weee! Zogo lililozuka pale! Mwanamke kuingia shimoni? Hata leo wachimbaji wengi watakuambia mwanamke akikanyaga chini kule dhahabu inakimbia. Mzee mmoja alitema mate. Mimi nilikuwa tayari kupigana, nimeshakunja ngumi, sijui nipigane na nani. Bujiku akainua mkono.

"Dhahabu ikimbie," akasema. "Mimi juzi nilikuwa nakimbilia kwa Mungu, na huyu ndiye aliyenirudisha. Mpeni kofia."

Akapewa kofia yangu. Ilimfunika mpaka kwenye nyusi. Theopista anaogopa kimo, hata ngazi ya kubadilishia balbu ananiita mimi. Aliingia kwenye ile ndoo akashika minyororo, midomo inatembea, nikajua anasali Salamu Maria. Hakunitazama. Ndoo ikashuka, shimo likaanza kumeza miguu yake, mabega yake, kofia yangu.

Mimi niliwekwa kwenye kibanda cha winchi, kando ya kengele, niwe shahidi. Kalisti akapaza sauti kutoka chumbani: shimo la kwanza limeshaanza kuruka. Ndoo ikagota chini. Tukangoja.

Jamani, sikujua kungoja ni nini mpaka siku ile. Nilikuwa nimeshakaa chini kule nikibonyeza, nikadhani hayo ndiyo maumivu yenyewe. Kumbe mwenye kubonyeza ana kitu cha kufanya. Mimi kule juu nilikuwa na kengele tu mbele yangu, chuma kimekaa kimya, na mke wangu yuko mahali nisipomwona. Nikaanza kuiomba ile kengele. Nikaitukana. Nikamwambia mtu wa winchi avute, avute sasa hivi, mambo ya majaribio yaishe, mimi nitakula nyasi nisishuke tena. Mtu wa winchi akaniambia, "Tulia, Baba Dominiko. Hajabonyeza bado."

"Unajuaje?"

Hakujua. Hakuna aliyejua. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya wanaume wote wale, wala sikuyafuta.

Kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu mpaka nikaruka, na taa ya tatu ikawaka nyekundu. Kule nje watu wakapiga kelele, Bujiku akarusha kofia yake. Mtu wa winchi akaniuliza, "Nivute?" nami nikashindwa kufungua mdomo, mimi Mabula. Nikaipiga meza kwa ngumi. Akaelewa, akavuta.

Alitokea amelowa mpaka magotini, uso umejaa tope. Nilimnyanyua kutoka kwenye ndoo kwa mikono yangu. Nikamfokea, nimeshasema mimi ni mtu wa hasira, nikamwuliza mbona alichelewa hivyo kubonyeza, alitaka kuniua?

"Nilikuwa natafuta ukutani," akasema taratibu, ili wengine wasisikie. "Alama ya tope, maji yalipoishia siku ile mlipokwisha kutoka. Nilisimama chini yake, nikanyoosha mkono. Sikuifikia, Mabula."

Hakuniita Baba Dominiko. Nikamkumbatia pale pale, mdomoni mwa shimo, zamu nzima ikitazama, na kwetu mwanamume hafanyi hivyo. Nilimshika mpaka Bujiku akakohoa, akasema kama tumemaliza, yeye anaomba ndoo, kuna kazi.